Chupa Sita kutoka Ng'ambo ya Mto

Arlo alikuwa amekwenda kuchukua maziwa ya kahawa tu. Lakini alisimama pale mbele ya friji, mlango wazi, baridi ikimpuliza miguuni, na kichupa cha dawa kikiwa kati ya vidole vyake ambavyo grisi ya karakana haikuwahi kuvitoka hata akivisugua vipi. Marit alikuwa amejilaza kwenye kochi, koti bado mwilini. Hakuuliza kuna nini. Aliyaona mabega ya Arlo yakishuka, akajua.

"Hii mistari ni ya nini?"

"Mistari gani?"

"Mari, usinifanye mtoto."

Kwenye lebo ya kile kichupa kulikuwa na mistari midogo ya kalamu, imepangwa mitano mitano, kama ya mfungwa anayehesabu siku zake ukutani. Arlo aliihesabu kwa sauti ya chini. Ilifika thelathini na nane.

"Chupa hii ni ya wiki tatu," alisema. "Uliniambia mwenyewe. Wiki tatu na siku mbili tatu, basi."

"Nimekuwa nikila kidogo."

"Umekula nini leo?"

"Mayai."

"Jana?"

Marit alifumba macho. "Mayai, Arlo. Mayai ni mazuri."

Kisukari kilimshika akiwa na miaka kumi na mmoja, kile cha mwili kuacha kutengeneza insulini yake, kisichouliza kama mtu ni mnene au mwembamba. Bila insulini hana wiki. Miaka yote hiyo alikuwa chini ya bima ya baba yake, na bima ya baba hufika mwisho mtoto anapotimiza miaka ishirini na sita. Marit alitimiza mwanzoni mwa Oktoba. Wenzake wa kwenye duka la mikate walimwimbia, wakamkatia kipande cha keki cha ukubwa wa kidole gumba, na mwezi huo huo kadi yake ikafa. Mwenye duka alikuwa na wafanyakazi wanne na moyo mwema, lakini bima hakuwa nayo ya kumpa mtu. Wateja nao hawakuchoka na utani wao: mwenye sukari anauza sukari. Marit alicheka nao. Chupa moja ilimgharimu dola mia tatu na ushee, na alihitaji za aina mbili, ya mlo na ya usiku. Alinunua, akaenda nyumbani, akachukua kalamu.

Arlo alirudisha kichupa mahali pake, taratibu, kama anayerudisha yai kwenye kiota. Alikuwa mtu wa maneno machache, fundi wa yale malori ya mgodini ambayo gurudumu lake moja linamzidi mtu kimo. Akikuta kitu kimeharibika, hakulalamika. Alitafuta spana.

"Tuoane," alisema.

Marit alifungua macho.

"Jumatatu sina zamu. Tunaenda kwa karani wa kaunti, tunasaini. Jumanne napeleka cheti ofisini, wanakuingiza kwenye bima yangu. Nimeshamuuliza yule mama wa ofisini. Anasema unaandikwa kama mtegemezi, unaanza kutumia siku ile ile."

Kwa miaka miwili Marit alikuwa amelisubiri neno lile. Alikuwa amelitengenezea mahali na majira: gatini kwenye ziwa, Julai, mbu wakiwauma, Arlo akigugumia. Sasa lilikuwa limekuja Novemba, jikoni, mlango wa friji ukiwa bado wazi.

"Umemuuliza mama wa ofisini kabla ya kuniuliza mimi."

"Nilitaka kuwa na uhakika."

"Unaniomba niwe mkeo, Arlo, au niwe mtegemezi wako?"

"Kuna tofauti gani sasa hivi?"

Alijua amekosea mara neno lilipomtoka. Ilionekana usoni mwake. Lakini neno ni kama mshale, likishatoka halirudi.

"Mama yako anasemaje?" Marit aliuliza.

Arlo hakujua kusema uongo. Ndicho kilichomfanya Marit ampende, na ndicho kilichomuumiza jioni ile.

"Alisema nifikirie kwanza."

"Kwa maneno yake."

"Mari…"

"Kwa maneno yake, Arlo."

"Alisema ukioa ugonjwa, umeoa na bili zake."

Friji ilianza kunguruma. Marit alitaka kupiga kelele, alitaka hata kurusha kikombe, lakini sukari ilikuwa juu, mdomo mkavu, miguu mizito kama amevaa viatu vya mtu mwingine.

"Nenda nyumbani," alisema. "Tafadhali. Nimechoka. Sina hata nguvu ya kukasirika vizuri."

"Nikikuacha hivi utajipunja tena."

"Nenda."

Alikwenda. Alisimama mlangoni, akamtazama Marit muda mrefu, macho yake ya kijivu yamejaa kitu ambacho hakikupata neno, kisha akafunga mlango kwa upole. Marit alitamani angeubamiza.

Ijumaa Arlo alipiga simu mara sita. Marit hakupokea hata moja. Alikanda unga, akaoka mikate, akaenda chooni kukojoa mara kumi na nne, akarudi nyumbani akalala na viatu.

Jumamosi asubuhi honi ililia nje. Marit alichungulia dirishani, akaiona pikapu ya kijani yenye kutu upande wa kulia. Hapakuwa na mtu mwingine katika mji mzima wa Eveleth mwenye gari kama lile. Kabla hajafikiria la kufanya, Lorna Niemi, mama yake Arlo, alikuwa ameshapanda ngazi na kubisha hodi. Alikuwa mwanamke mfupi, kofia ya sufi imemfika kwenye nyusi, mpishi wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na mmoja.

"Una pasipoti?"

"Shikamoo… Bi Lorna, kuna nini?"

"Marahaba. Nimeuliza pasipoti. Ile uliyopigia picha mlipokwenda kuvua samaki Kanada na Arlo."

"Ninayo."

"Vaa vizuri, basi. Na beba pesa yoyote uliyoiweka kwa ajili ya dawa."

"Arlo ndiye amekutuma?"

"Arlo yuko kazini mpaka saa kumi na mbili jioni, na hajui. Jana alikaa mezani kwangu hakugusa chakula. Nikamuuliza, akanieleza habari ya mistari." Lorna alimwangalia Marit kuanzia shingo mpaka miguu, kama anavyoangalia mtoto aliyekuja shuleni bila koti. "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Twende, barabara inateleza na mimi siendeshi kwa kasi."

Marit hakuwa na nguvu ya kubishana. Alivaa.

Walikwenda kaskazini kwa karibu saa mbili na nusu, misonobari kulia, misonobari kushoto, theluji mpya juu yake, na pembeni mwa barabara magari ya wawindaji wa kulungu yameegeshwa ovyo. Lorna alikuwa na kahawa kwenye chupa ya chai na mikate miwili ya nyama na viazi imefungwa kwa taulo. Hakuwasha redio. Baada ya maili thelathini Marit hakuvumilia tena.

"Ulimwambia asinioe."

"Nilimwambia afikirie."

"Ulisema ugonjwa na bili."

"Nilisema." Lorna hakutoa macho barabarani. "Ulitaka nikane?"

"Nilitaka… sijui. Nilitaka angalau usinibebe kwenye gari lako baada ya kusema hivyo. Sasa nashindwa kukuchukia."

Lorna alitoa sauti fupi puani. Ilichukua muda Marit kutambua kwamba kile kilikuwa kicheko.

Walivuka daraja juu ya mto kabla ya adhuhuri, wakaingia Kanada. Mji wa ng'ambo ulikuwa kama wao tu: kanisa, duka la vyuma, uwanja wa hoki, moshi. Duka la dawa lilikuwa kwenye kona. Mfamasia alikuwa mzee mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na alipoona Marit anababaika na karatasi zake alimwambia asisumbuke, insulini huku haihitaji cheti cha daktari, amwambie tu majina na kiasi.

"Bei yake ni ngapi?" Marit aliuliza. Alikuwa amejizoesha kuuliza bei kwanza.

"Zote mbili ni sawa. Thelathini na nne."

"Mia tatu na nne?"

"Thelathini na nne, dada. Na ni dola zetu, hizi nyepesi."

Marit alishika kaunta. Dawa ilikuwa ile ile. Kifuniko cha rangi ile ile, herufi zile zile, kiwanda kile kile. Tofauti ilikuwa mto tu, tena mto mwenyewe si mpana. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. Hayakuwa ya furaha, na aliona aibu kwamba mzee yule huenda akadhani ni ya furaha. Yalikuwa ya miaka kumi na mitano ya kumwomba kila mtu radhi kwa kuwa hai.

Mfamasia alisukuma boksi la tishu mbele yake. "Tunaliweka hapo kwa ajili ya wateja wa upande wenu," alisema. "Kila wiki linakwisha."

Fedha alizokuwa ameziweka kando kwa chupa moja na nusu zilinunua chupa sita, na chenji ikarudi. Nne za mlo, mbili za usiku. Lorna alikuwa ameshatoa pochi. Marit alimtazama, Lorna akairudisha mkobani.

"Usiweke nyuma ya gari," alisema tu walipotoka. "Zitaganda, halafu tutakuwa tumenunua maji."

Marit alizifungia ndani ya koti, kifuani, na akakaa hivyo njia nzima kama aliyebeba vifaranga. Mpakani afisa kijana aliinama dirishani.

"Mmebeba nini?"

"Insulini," Marit alisema, akijihisi mwizi ingawa hakuwa ameiba.

"Ya nani?"

"Yangu."

"Ya siku ngapi?"

"Tisini. Hazizidi."

Afisa alitazama koti lililovimba, akamtazama Lorna, aliyekuwa anamkazia jicho la mpishi wa shule. "Nendeni salama," alisema.

Walisimama kando ya barabara, wakala ile mikate. Marit alijidunga kipimo kamili kabla ya kula, taratibu, kama mtu anayetumia hela nyingi kwa mpigo. Lorna alimimina kahawa kwenye kifuniko.

"Russ alianza kuumwa figo Arlo akiwa na miaka tisa," alisema. Marit alijua kwamba baba yake Arlo alikufa, lakini hakuwahi kumsikia Lorna akilitaja jina lake. "Mwanzoni hatukuogopa. Bima ya mgodi ilikuwa nzuri, kila mtu alituambia hivyo. Mwaka wa pili mgodi ukafungwa. Watu mia nne nyumbani, na bima ikaondoka pamoja na kazi. Russ anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tukauza nyumba ya ziwani aliyoijenga baba yake. Halafu nikaanza kulipia hospitali kwa kadi ya mkopo, maana walipiga simu kila siku na mimi niliona haya."

"Pole."

"Amekufa miaka sita sasa. Bado ninalipa. Dola hamsini kila mwezi. Kila tarehe tano namlipia mume wangu, utadhani nimemnunua kwa awamu."

Theluji nyepesi ilianza kuanguka kwenye kioo.

"Ningejua, ningekataa kuolewa naye?" Lorna alijiuliza mwenyewe na kujijibu. "Hata. Ningeolewa naye mara mia. Lakini ningemkalisha mezani siku ya kwanza, nikamwambia, Russ, wenzetu wanapanga fungate, sisi tupange haya maradhi. Hatukupanga. Kila bili ilipokuja tulishtuka upya, kama wageni. Nikimwona mwanangu anakimbia kwa karani na cheti chake, namwona Russ yule yule. Anadhani bima ndiyo dawa."

"Si dawa?"

"Binti yangu, bima ya mgodi si mume. Inaweza kukuacha Ijumaa kwa barua." Aligeuka, kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama Marit usoni sawasawa. "Mkioana, ingia kwenye bima yake, usiwe mjinga wa majivuno. Lakini mshahara wake ukatwe kidogo kila mara uende kwenye mfuko wa matibabu, kabla kodi haijagusa, na asiuguse hata trela la boti likiharibika. Bili ikija, usilipe mpaka waichambue mstari kwa mstari. Mimi nilitozwa soksi za wodini ambazo Russ hakuwahi kuzivaa, jozi kumi na moja. Na deni la hospitali usilihamishie kwenye kadi ya mkopo hata wakulilie. Hospitali itakusubiri. Benki haisubiri."

"Na mgodi ukifungwa?"

"Ndiyo maana uwe na chako. Jikoni kwetu shuleni Hilda anastaafu Januari. Mshahara mdogo, mgongo utakuuma, watoto watakutemea njegere. Lakini wanatoa bima, yako mwenyewe, jina lako juu ya kadi. Siwezi kukupa hiyo kazi. Naweza kukuonyesha fomu."

Marit alizungusha kifuniko cha kahawa mkononi. "Kwa nini hukuniambia haya mapema? Miaka miwili nakuja kwako kila Jumapili. Nilidhani hunipendi."

"Nilikuwa najaribu kutokupenda," Lorna alisema kwa sauti iliyochoka. "Nimeshazika mmoja. Sikutaka kuanza kuhesabu chupa za mtu mwingine. Halafu Arlo akaniambia thelathini na nane, nikajikuta usiku naangalia ramani." Aliwasha gari. "Kula hilo ganda la mkate. Nimelikanda kwa mafuta ya nguruwe, si la kuachwa."

Arlo alikuja saa kumi na mbili na nusu, moja kwa moja kutoka kazini, bila kuoga, na alibisha mlango ambao alikuwa na ufunguo wake. Marit alifungua. Walitazamana. Alikuwa na mstari mweusi wa vumbi la chuma chini ya kila jicho, na macho yenyewe yalikuwa mekundu ya mtu aliyelala saa tatu kwa siku mbili.

"Sijaja kugombana," alisema. "Nimekuletea hizi." Alimpa bahasha. "Nimeuza bunduki ya kuwindia kulungu. Zinatosha chupa moja na kidogo. Hunitaki, sawa, lakini uzichukue."

"Arlo, ingia."

"Nina matope."

"Ingia na matope yako."

Alimshika mkono, akampeleka jikoni, akafungua friji. Chupa sita zilikuwa zimepangwa kwenye sanduku la siagi. Arlo alizitazama, akamtazama, akazitazama tena.

"Umezipata wapi?"

"Ng'ambo ya mto. Na mama yako."

"Na *mama*?"

"Alinipakia kwenye gari kama gunia la viazi. Amenifundisha mengi. Nawe atakufundisha, kaa tayari, kuna karatasi utasaini." Marit alifunga friji, akaegemea mlango wake. Bado alikuwa amechoka. Uchovu wa wiki sita hauondoki kwa sindano mbili. Lakini kichwa kilikuwa kimetulia, na alimwona Arlo vizuri, bila ukungu. "Nisikilize. Hizo ni siku tisini. Mpaka katikati ya Februari sihitaji bima yako, wala ya mtu yeyote. Januari nitaomba kazi ya jikoni shuleni. Nisipoipata, nitavuka tena daraja. Umenielewa? Leo hii sikuhitaji kwa lolote."

"Nimeelewa," Arlo alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Basi niulize tena."

Ilimchukua muda. Alivua kofia. Pale pale kwenye sakafu ya jikoni, theluji ya viatu vyake ikayeyuka na kufanya kidimbwi, naye akapiga goti ndani yake bila kuangalia.

"Sijui kusema vizuri," alianza. "Juzi niliogopa. Nilidhani nikichelewa hata siku moja nitakukuta… Nikaenda kwa kile ninachokijua. Karatasi." Akaishika kofia kwa mikono miwili. "Nakutaka wewe, Mari. Ukiwa na dawa na ukiwa huna. Ukiniambia subiri miaka mitano nitasubiri, ila usijipunje tena bila mimi kujua. Hilo tu siliwezi. Utaolewa na mimi?"

Marit alimwekea mkono kichwani. Nywele zake zilinuka dizeli.

"Nitaolewa na wewe. Lakini siyo Jumatatu."

"Lini?"

"Wiki ya kwanza ya Februari."

"Februari! Baridi itakuwa imeua hata simu. Nani atakuja?"

"Wachache. Ndiyo tutawalisha kwa bei nafuu."

Arlo alicheka, kisha kicheko kikakatika katikati na akauficha uso wake tumboni mwa Marit, mabega yakimtikisika. Marit alimwacha. Hakumwambia anyamaze, wala hakulia naye. Machozi yake alikuwa ameyaacha kwenye boksi la tishu la yule mzee mfamasia. Alipotulia, Marit alimwinua, akamkalisha kwenye kiti, akamvua viatu.

"Bunduki umemuuzia nani?"

"Jirani."

"Kesho kairudishe. Hizo pesa zikikaa hapa nitazila."

Kisha alipima sukari, akahesabu viazi viwili kwenye sahani yake, vikubwa, akajidunga kipimo chake chote, na wakala magoti yao yakigusana chini ya meza, mpaka Arlo akasinzia uma ukiwa bado mkononi.